Panzi wa Ukuti Mmoja

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Nilifika ukingoni kikiwa katikati ya mto Pangani, kinaelekea Bweni, kimebeba lori la nazi na watu waliowahi kuliko mimi. Hapakuwa na la kufanya ila kutafuta kivuli. Kivuli nacho kilikuwa na mwenyewe: mzee mmoja aliyeketi juu ya gogo la mnazi, kofia kaisogeza nyuma, miguuni pake kuti bichi limelazwa. Mbele yake alisimama mtoto wa miaka mitatu hivi, analia kwa sababu ambazo mama yake alikwisha choka kuzisikiliza.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho, akasogea kidogo kwenye gogo ili nami nipate pa kuketi. Halafu akachuma ukuti mmoja, akaupitisha baina ya vidole viwili kama mshonaji anayepima kitambaa, akautupa kando. Akachuma wa pili. Huo ukamridhisha. Kivuko kilipofika ng'ambo, kikashusha, kikapakia na kuanza kurudi, mtoto alikuwa amekwisha nyamaza, ameshika panzi.

Sikuvuka safari ile. Wala iliyofuata.

Panzi wa ukuti si jambo geni pwani. Sisi tuliokulia chini ya minazi tulisuka saa za mkononi zisizosema wakati, miwani isiyo na vioo, pete, zumari, na kititia kinachozunguka ukikimbia nacho kuukabili upepo. Hayo kila mtoto aliyaweza. Ulijifunza kwa mwenzako asubuhi, jioni unamfundisha mdogo wako. Panzi hakuwa hivyo. Mtaani kwetu alikuwapo kaka mmoja tu aliyemweza, na alijua thamani ya alichokijua. Tulimletea embe, tulimtekea maji, na bado alitugeuzia mgongo alipofika kwenye kichwa ili tusione anavyofunga. Alipohama, panzi wakaisha mtaani. Ndiyo maana nilipomwona mzee yule anasuka waziwazi, mbele ya kila apitaye, nilijiambia kivuko kitanisubiri. Kisiponisubiri, kuna kingine.

Kusini mwa China, Thailand, Malaysia na visiwa vya Karibi wapo watu wanaokaa kando ya njia wakisuka panzi kwa majani ya minazi na ya miti ya jamii yake. Ukimweka panzi wao karibu na wa Pangani, utadhani wamefundishwa na mtu mmoja. Mimi nadhani wamefundishwa na jani.

Hebu utazame ukuti. Mnazi hutoa kuti jipya karibu kila mwezi. Kuti lililokomaa hufika urefu wa meta 4 hadi 6, nalo lina vijani kati ya 200 na 250 vilivyojipanga pande mbili za upongoo. Kila kijani ndio ukuti wenyewe, ule ule ambao watoto huuimba wakiwa wameshikana mikono duara. Katikati yake umepita uchelewa, mgumu na mwembamba; ukikusanya chelewa za kutosha una ufagio. Kutoka kwenye uchelewa, ubavu wa huku na ubavu wa huku umeteremka kama paa la nyumba, na uchelewa wenyewe ndio mtambaapanya. Ukindu umekunjwa kinyume chake, umekaa kama mfereji, na mtu anayeijua miti hii anaweza kutofautisha mkindu na mnazi kwa kijani kimoja tu gizani.

Sasa mtazame panzi halisi anapotulia. Mabawa yake hayalali bapa kama ya kipepeo aliyetandaza, wala hayasimami. Yameteremka pande mbili za mgongo, kama paa. Kwa hiyo mtu aliyeketi chini ya mnazi na jani mkononi, wakati panzi ametua gotini pake, hakuhitaji kuota ndoto. Nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa.

Nusu ya pili ndiyo iliyonichelewesha.

Mzee alikata ukuti kwa kisu kidogo cha kupaa samaki, ukabaki urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Akaanzia upande mnene. Kwa ukucha wa kidole gumba akautenga ubavu mmoja na uchelewa, akavuta polepole, jani likaachana na ufito wake kwa sauti ndogo kama ya karatasi inayochanwa chumba cha pili. Akafanya hivyo na ubavu wa pili. Hakufika mwisho; aliacha vidole vinne hivi kwenye ncha nyembamba, ambako jani na uchelewa viliendelea kushikana. Sehemu hiyo ambayo haikuguswa ndiyo itakayokuwa nyuma ya panzi, ile ncha iliyochongoka ambayo mtu huidhani mkia.

Mkononi mwake sasa palikuwa na uchelewa mtupu na tepe mbili zinaning'inia. Akaukunja uchelewa, akaurudisha nyuma mpaka ukawa kitanzi kirefu, chembamba kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Hapo ndipo ilipoanza sherehe. Utepe wa kulia ukaingia chini ya kitanzi, ukapanda, ukavuka. Wa kushoto ukaja juu yake, ukashuka, ukapita chini. Kulia tena. Kila mzunguko aliusukuma kwa ukucha ulalie ule wa kabla yake, bila kukaza. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa mikono yangu isiyojua kitu ilikuwa tayari inataka kukaza.

"Ukikaza sasa, utakaza mara kumi," alisema. "Mimi nitakaza mara moja."

Mizunguko ilipofika kumi au kumi na mmoja, tumbo la panzi lilikuwa limeonekana, pingili kwa pingili. Sijui kama aliwahi kuambiwa kwamba tumbo la panzi halisi lina pingili 11. Nadhani hakuambiwa, alikuwa ametazama. Tepe zilizobaki akazipenyeza kwenye tundu la kitanzi, mbele kabisa, kisha akashika ncha ya uchelewa iliyotokeza nyuma na kuivuta. Kitanzi kikajifunga, kikazibana tepe, na mizunguko yote kumi ikakazana kwa pamoja, kuanzia kichwani kurudi nyuma, kama msafara unaposimama ghafla njiani. Kichwa kikawa kichwa. Hapakufungwa fundo lolote. Kile alichokificha kaka yetu wa mtaani kwa embe nyingi namna ile kilikuwa ni kuvuta kijiti.

Tepe mbili zilizotokeza baada ya kubanwa alizilaza nyuma, moja kila ubavu, akazikata mshazari: mabawa. Uchelewa uliozidi akaukata, lakini hakuutupa. Aliupasua kwa urefu, akapata nyuzi mbili, akazichomeka kichwani zikawa vipapasio. Kipande kilichobaki akakigawa mara mbili, na hapo akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomtenga fundi na mtu anayejua kusuka. Kila kijiti alikibana kwa ukucha mahali pamoja, kikavunjika nusu bila kukatika, akakikunja. Goti. Akavichomeka baina ya pingili ya tatu na ya nne, na papo hapo kile kitu cha majani kikawa na nia ya kuruka.

Jaribu kulitoa goti hilo, ubaki na tumbo, mabawa na vipapasio: una mdudu fulani, labda nyenje, labda hata kombamwiko aliyevaa vizuri. Lirudishe, una panzi. Na si goti popote. Likikaa chini sana, panzi anaonekana amechutama chooni. Mzee aliliinua juu kuliko mgongo, kidogo tu, kama walivyo wenyewe wanapojiandaa kutoroka.

Nikamwambia, "Babu, panzi ana miguu sita."

"Najua."

"Wako ana miwili."

"Umewahi kumwona panzi kwenye jani la muhogo?"

"Mara nyingi."

"Uliiona mingapi?"

Nikafikiri kwa uaminifu. Niliiona miwili. Ile minne ya mbele ipo, naijua kutoka shuleni, lakini jicho langu halijawahi kuihesabu. Mzee aliona nimekwama, akanionea huruma. "Wa watoto wa shule namwekea sita," akasema. "Walimu wanahesabu."

Kuhusu vipapasio nilikuwa na la kusema, ila nililimeza. Vya kwake vilikuwa vifupi, navyo ndivyo vinavyotakiwa. Ukivirefusha vikazidi mwili umeshasuka mdudu mwingine, wa jamii ya senene. Mtu wa Bukoba akimwona ataangalia kama kuna sufuria karibu. Jamii hizo mbili zinapishana hata kwenye masikio: panzi husikia kwa ubavu, mwanzoni mwa tumbo; senene husikia kwa miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Hayo hayasukiki kwa ukuti, lakini urefu wa vipapasio unasukika, na mzee alikuwa amepatia bila kitabu.

Nilimwuliza kama husuka na wadudu wengine. Kereng'ende anamsuka, kwa vijani viwili, kimoja kikikaa msalaba juu ya kingine. Kipepeo hamsuki. "Kipepeo cha jikoni nakisuka," akasema, na mama wa yule mtoto akacheka, maana lugha yetu imempa mdudu na kifaa cha kupepelea moto jina moja, na kila mmoja anastahili. Vunjajungu je? Umbo lake lingeupendeza ukuti, ile shingo ndefu na mikono iliyokunjwa. Akatikisa kichwa. Utotoni aliambiwa kwamba anayemgusa vunjajungu atavunja vyombo vya nyumbani, na hakuona sababu ya kulijaribu jambo hilo uzeeni. Sikumwuliza kama kumsuka ni kumgusa.

Kuti lenyewe lililokuwa miguuni pake nililitazama baadaye sana, na nilistahili kulitazama mwanzo. Lilikuwa na mapengo. Upande mmoja vijani vilikuwa vimekatwa kwa mfuatano, pengo la umbo la pembetatu, limenyooka kama kazi ya mkasi. Hiyo ni alama ya mbawakawa mwenye pembe, adui mkubwa wa mnazi. Hutoboa kileleni, akapita katikati ya kuti changa ambalo bado limejifunga. Anachotafuna ni tundu moja tu, lakini kuti likija kufunguka, tundu hilo linajirudia huku na huku kama karatasi iliyokunjwa kabla ya kukatwa. Kuti la namna hiyo halifai kwa makuti ya kuezekea wala kwa pakacha. Wenye shamba walikuwa wanampa bure. Kwa hiyo panzi wote walioondoka chini ya kivuli kile walitoka kwenye kuti lililokwisha liwa na mdudu mwingine.

Kwenye minazi hiyo hiyo wapo mafundi wa kweli wasiokuwa na mikono. Majimoto, wale chungu wekundu wanaokufanya ushuke mtini bila ngazi, hujenga viota kwa kushona majani mabichi. Baadhi yao huvuta kingo za majani zikutane, na wengine huja wamebeba watoto wao mdomoni, watoto hao hutoa uzi wa hariri, nao hupitishwa huku na huku mpaka jani likashikana na jani. Mkulima mwenye subira huwavumilia, maana humzuia mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika. Mzee aliwajua. Alisema hao wameanza kazi kabla ya babu yake, na bado hajaona kiota kilichofumuka.

Panzi wake yeye hulegea, na hakunificha. Ukuti mbichi una maji. Ukikauka unasinyaa, na msuko uliokuwa umebana unaacha nafasi. Ndiyo sababu wasusi wa mikeka huanika ukindu na miyaa kwanza, wakalowanisha kidogo wakati wa kusuka ukili. Msusi wa mkeka anasuka kitu cha miaka. Mzee wa panzi hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa ukuti mkavu haukubali goti: ukiubana, unakatika. Amechagua njia ya katikati. Hukata kuti alfajiri, haliachi juani, hulilaza kivulini mpaka linyauke kidogo, na huchuma vijani vya katikati ya kuti, ambavyo si vipana kama vya shinani wala si vyembamba kama vya nchani. Ule wa kwanza aliouacha nilipokuwa naketi ulikuwa umekomaa mno. Ungepasuka kwenye mzunguko wa tano. Alilijua hilo kwa vidole viwili, na mimi hata baada ya kuelezwa sikuona tofauti.

Nimeona panzi wanaouzwa kwa wageni kwenye fukwe, wametiwa gundi, waya miguuni na rangi ya kopo. Wengine wamewekewa macho ya turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Siwalaumu wanaowatengeneza, mgeni anataka kitu kitakachofika kwake kikiwa kizima, na muuzaji ana watoto wa kulisha. Ila turituri ikitafunwa ni sumu inayoua, na panzi ni wa mtoto, na mtoto hupima kila kitu kwa mdomo. Tena waya na gundi vinaondoa kile kinachonifanya nimheshimu panzi wa ukuti mmoja: hakuna kinachomshika ila yeye mwenyewe. Jani linabana kijiti, kijiti kinabana jani.

Na kuna uonevu hapa. Kwenye maonyesho ya kazi za mikono niliyohudhuria, mikeka ina meza yake, vinyago vina meza, kofia zina meza. Panzi wa ukuti hana hata kipande cha jamvi chini. Anahesabiwa mchezo wa watoto. Lakini vidole vinavyomsuka ni vile vile vya pakacha na kawa, na fikra iliyomo, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi: pakacha halihitaji kufanana na kitu chochote.

Mwishowe nikaomba nijaribu. Mzee akanichagulia ukuti, akanitazama nikiutenga ubavu, akakaa kimya. Ubavu wa kwanza ulikatika katikati. Akanipa mwingine. Nilifika kwenye kitanzi, nikasuka, nikakaza, nikasuka, nikakaza, pamoja na onyo lote nililopewa, na nilipovuta uchelewa haukuja. Nilikuwa nimeshaufunga kwa mikono yangu. Nikavuta kwa nguvu. Ukaja, ukiwa na kichwa. Yule mtoto, ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa panzi, alikitazama nilichokishika, akamtazama wake, akamsogeza wake mbali.

"Huyu anaumwa," mzee akasema.

Wa tatu alitoka. Hakuwa mzuri. Goti moja lilikuwa juu na jingine chini, na mizunguko ilikuwa saba tu. Lakini nilipomweka kwenye gogo alisimama mwenyewe. Nilimpa mzee shilingi 1,000 kwa ajili ya panzi wake mmoja; akaongeza wa pili, akakataa kusikia neno juu ya mafunzo. Kivuko kilikuwa kimefika. Safari hii nikavuka.

Hao wawili wako juu ya kabati langu la vitabu, na wangu yuko kati yao. Wiki ya kwanza walikuwa kijani. Kisha wakapita rangi ya limau, wakapita rangi ya unga wa dona, sasa wamefikia rangi ya jamvi la zamani, ile ile wanayokuwa nayo panzi wa kiangazi kwenye nyasi kavu. Wa mzee wamelegea kidogo mabegani, lakini magoti yamebaki juu. Wangu amekwisha dondosha mguu.

Ukitaka kujaribu, tafuta kuti lililofunguka si zamani, ulikate mapema, ulilaze kivulini, uchume ukuti wa katikati. Usikaze mpaka mwisho. Wa kwanza ataharibika, na wa pili pia. Usiwatupe jaani, mbuzi wanawala.